Farasi wa Epsom au Wacheza Shoo wa London: Uchague Kipi Kuijua Televisheni ya Mwanzo?

Kama umepangiwa kufundisha historia ya utangazaji, au mna kikundi cha wapenzi wa filamu kinachotafuta jioni moja ya kutazama mambo ya kale, televisheni ya Uingereza ya miaka ya 1930 itakuvuta pande mbili. Huku kuna mbio za farasi, hasa Derby inayokimbiwa Epsom kila mwaka. Huku kuna burudani mchanganyiko, ile shoo ya nyimbo, vichekesho, dansi na mazingaombwe iliyokuwa ikijaza kumbi za London usiku hadi usiku. Waliounda televisheni waliviwania vyote viwili kwa sababu watu walikwisha kuonyesha kwamba wako tayari kuvilipia kiingilio. Lakini ukijaribu kuvibeba vyote kwa saa moja na nusu, kimoja kitammeza mwenzake.

Msimamo wangu nautoa mapema. Ukitaka watu waone kitu kwa macho yao, chukua burudani. Ukitaka waelewe televisheni ilikuja kufanya kazi gani ambayo sinema na redio hazikuiweza, chukua farasi, ila ujue kwamba utakuwa unasimulia zaidi kuliko kuonyesha. Mimi mwenyewe ningeanza na burudani, na sababu iko kwenye umbo la picha.

Picha nyembamba, farasi mrefu

John Logie Baird, mvumbuzi kutoka Scotland, aliwaonyesha wanachama wa Royal Institution, jumuiya ya wanasayansi ya London, televisheni yake tarehe 26 Januari 1926, katika vyumba alivyopanga mtaa wa Frith, Soho. Mfumo wake uliokuja kurushwa hewani ulikuwa wa mistari 30 tu, yaani kila picha ilichorwa kwa mistari 30 iliyopangwa sambamba. Nyumbani kwa mtazamaji kulikuwa na sahani ya bati yenye matundu 30, inazunguka mara 750 kwa dakika mbele ya taa ya neoni, na mtu anachungulia kupitia lenzi. Alichokiona ni kipicha cha rangi ya chungwa, kinachometameta, picha 12 na nusu kwa kila sekunde. Mashine hiyo, Televisor, iliuzwa kwa pauni 26 na ushei kuanzia 1930.

Jambo ambalo watu wengi hulipita haraka ni kwamba mistari hiyo 30 ilisimama wima, na picha yenyewe ilikuwa nyembamba na ndefu kwenda juu: sehemu 3 za upana kwa 7 za kimo. Mweke mwimbaji humo. Anakaa sawasawa. Kichwa, mabega, kifua, mkono unaoinuka, vyote vimo na nafasi haipotei. Sasa mweke farasi. Farasi ni mrefu kwa ubavu, anakimbia kwa ubavu, na mashindano yenyewe maana yake ni farasi mmoja kuwa mbele ya mwingine kwa ubavu. Fremu ile ilikuwa kama imetengenezwa makusudi kumnyima mtazamaji kile alichokuja kukiona.

Hata hivyo Baird akaenda. Tarehe 3 Juni 1931 aliegesha gari la kukokotwa karibu na nguzo ya kumalizia pale Epsom. Mlangoni mwa gari kulikuwa na kioo kikubwa kinachogeuzwa, kinanasa uwanja na kuutupa ndani, ambako ngoma yenye vioo vidogo 30 iliuchanachana mstari kwa mstari. Ishara zikasafiri kwa laini ya simu hadi ofisi zake Long Acre, London, zikaenda BBC, na kurushwa hewani. Aliyeshinda alikuwa Cameronian.

Piga hesabu uone alichokuwa akipambana nacho. Derby ni umbali wa kilomita 2.4 hivi, na farasi mshindi huumaliza kwa dakika mbili na nusu na sekunde chache. Huo ni wastani wa mita 15 na nusu kila sekunde. Kwa picha 12 na nusu katika sekunde, farasi anakuwa amesogea kama mita moja na robo kabla picha nyingine haijaja, yaani karibu nusu ya urefu wa mwili wake. Na hizi ni mbio zinazoweza kuamuliwa kwa shingo, au kwa pua. Rangi za mavazi ya wapanda farasi, ambazo ndizo humwezesha mtu wa uwanjani kujua nani ni nani, hazikuwepo kabisa, maana kila kitu kilikuwa rangi ya chungwa na weusi.

Kwa hiyo mtazamaji wa 1931 aliona vivuli vya farasi vikikatiza. Aliyemwambia nini kinatokea ni sauti. Uingereza ilikwisha kuzoea mbio kwa masikio. Grand National, mbio nyingine maarufu ambazo farasi huruka viunzi, ilitangazwa redioni kwa mara ya kwanza 1927. Msomaji aliyekulia Tanzania bara kabla televisheni haijafika mwaka 1994 hahitaji kufafanuliwa hili. Mtangazaji wa redio alikuwa akikupa mpira mzima, na Zanzibar, waliokuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, ndio waliotutambia kwamba wao wanauona.

Mwaka uliofuata Baird alibadilisha mbinu. Tarehe 1 Juni 1932 hakuishia kurusha kwa wenye Televisor. Aliipeleka Derby kwenye skrini kubwa ya sinema ya Metropole, Victoria, katikati ya London. Ili picha iwe pana, aliigawa mapande matatu yaliyopangwa kando kwa kando, kila pande lina mistari yake 30 na laini yake ya simu. Watu waliolipa kiingilio cha sinema wakatazama mbio zinazokimbiwa dakika ileile, nje ya mji. Kwa mtaani kwetu tungesema kilikuwa kibanda umiza cha watu wenye suti. Na mshindi wa mwaka huo, April the Fifth, alikuwa mali ya Tom Walls, mchekeshaji maarufu wa jukwaani, ambaye pia ndiye aliyemfundisha. Ukitafuta ushahidi kwamba farasi na shoo vilikuwa vya watu walewale, huo hapo.

Burudani: mwili uliojifunza kukaa ndani ya mistari

Upande wa pili, televisheni haikuanza kwa kurusha shoo. Ilianza kwa kuwa sehemu ya shoo. Mwaka 1930, kiangazi, Baird alipeleka skrini yake kwenye ukumbi wa Coliseum, London, ikiwa na taa ndogo 2,100, taa moja kwa kila nukta ya picha. Ilipangwa katika ratiba ya ukumbi pamoja na wasanii wengine. Mtu alinunua tiketi ya kuona vichekesho na nyimbo, na katikati yake akaletewa sura ya mtu anayeongea kutoka kwingine.

Kisha tarehe 22 Agosti 1932 BBC yenyewe ikaanza vipindi vya mistari 30 kutoka studio ndogo ya chini ya ardhi katika jengo la Broadcasting House. Msimamizi alikuwa Eustace Robb, afisa wa zamani wa jeshi, na kwa kawaida vipindi vilirushwa usiku sana, redio ikiwa imeachia nafasi hewani. Hapa ndipo ninapoona utajiri ambao farasi hawakuupata. Mbio hufanyika mara moja kwa mwaka. Ukikosea, unasubiri Juni nyingine. Vipindi vya studio viliendelea wiki baada ya wiki hadi Septemba 1935, na kila wiki walijifunza kitu.

Walichojifunza kinafurahisha. Studio ilikuwa na giza. Badala ya kummulika msanii kwa taa za kawaida, mwali mmoja mwembamba wa mwanga ulimpitia mwilini mstari kwa mstari, kasi kubwa, na vinasa mwanga vikapokea kilichorudi. Kwa msanii ilikuwa ni kucheza ndani ya kumetameta kusikoisha. Vinasa mwanga hivyo vilipenda mno rangi nyekundu, vikaiona kama nyeupe. Midomo iliyopakwa rangi nyekundu ikayeyuka usoni. Basi wasanii wakapakwa uso mweupe, midomo buluu au nyeusi, na mistari ya giza kandokando ya pua ili pua ipatikane. Ukimwona mwimbaji huyo kwenye korido ungeshtuka. Ukimwona kwenye Televisor, alikuwa mtu.

Na dansi ikabadilika. Hatua za pembeni zilimtoa msanii nje ya picha, hivyo uchezaji ukaenda juu na chini, mbele na nyuma. Mikono ikapewa kazi zaidi kwa sababu mkono unaoonekana dhidi ya ukuta wa rangi tofauti ulisomeka hata kwa mistari 30. Watu wa shoo walikuwa na faida hapa: tangu zamani walizoea kuufupisha mchezo wao ili uonekane na mtu wa kiti cha nyuma kabisa ghorofani. Farasi huwezi kumwomba apunguze mwendo.

Nikisema burudani inaonekana, nina maana halisi. Tarehe 21 Aprili 1933 BBC ilirusha onyesho la muziki na dansi liitwalo Looking In, lenye kundi la wacheza dansi la Paramount Astoria Girls. Mtu mmoja nyumbani kwake alikuwa na mashine ya kurekodi sauti kwenye sahani za aluminiamu, akarekodi ishara za picha, kwa kuwa picha ya mistari 30 ilikuwa na mawimbi machache kiasi cha kuingia kwenye sahani ya sauti. Miongo sita baadaye mhandisi Donald McLean aliisafisha kwa kompyuta, ikatoka dakika chache za dansi. Si picha za kujifurahisha nazo kwa saa nzima. Lakini utaona mstari wa wasichana wakirusha miguu, na utashangaa jinsi jicho linavyowakubali haraka kuwa ni watu. Hiyo ni televisheni yenyewe iliyopita hewani, si filamu iliyopigwa kandokando.

Kwa Derby ya 1931 na 1932 hakuna kitu cha namna hiyo. Utapata filamu za habari za sinema, zilizopigwa kwa kamera za kawaida, zinazokuonyesha uwanja na umati. Ni nzuri, lakini ni kazi ya sinema. Ukiwaonyesha wanafunzi ukawaambia hii ndiyo televisheni ya 1931, umewadanganya.

1936 mambo yakapinduka

Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilifungua huduma yake rasmi kutoka Alexandra Palace, kilimani kaskazini mwa London. Walichochagua kufungulia, baada ya hotuba, ni burudani: mwimbaji Adele Dixon, na Buck na Bubbles, Wamarekani weusi wawili, mmoja wa piano na mwingine wa dansi ya viatu vya vyuma. Mifumo miwili ilikuwa ikishindana, ule wa Baird wa mistari 240 na ule wa kampuni ya Marconi-EMI wa mistari 405, hivyo programu ilibidi ifanywe mara mbili siku hiyohiyo. Kipande cha Adele Dixon akiimba kinachosambaa mtandaoni kimetoka kwenye filamu iliyotengenezwa kuitangaza huduma mpya. Kionyeshe, ila useme hivyo.

Inafaa pia kujua kwamba chini ya kilima hicho kulikuwa na uwanja wa mbio za farasi, Alexandra Park, ambao Waingereza waliuita Kikaango kwa umbo lake. Ulifungwa 1970. Sijui mahali pengine ambapo studio ya televisheni na farasi vilitazamana hivyo.

Kilichoamua ushindani ni uhuru wa kamera. Studio kuu ya Baird ilipiga filamu kwanza, ikaisafisha kwa dawa ndani ya dakika moja, halafu ikaisoma picha. Kamera ilifungwa kwenye mabomba na haikuweza kumfuata mtu. Kamera ya EMI, Emitron, ilikuwa ya kielektroniki, inasukumwa, inageuka, na unaweza kuitoa nje. Februari 1937 mfumo wa Baird ulikuwa umekwisha kuachwa.

Hapo mizani ikageuka, na kuanzia hapa naipa mbio za farasi alama nyingi kuliko shoo. Mei 1937 BBC iliingiza barabarani magari yake ya matangazo ya nje, moja la kuongozea kamera, moja la kurushia, moja la jenereta, yakaonyesha msafara wa kutawazwa kwa Mfalme George VI. Juni 1938 Derby ikarushwa mubashara kwa mfumo huu mpya, Bois Roussel akashinda. Hesabu ile ya mwanzo irudie: mistari 405, fremu pana kuliko kimo chake, na skrini ikichorwa upya mara 50 kwa sekunde, mistari nusu kwa nusu. Farasi sasa anasogea kama sentimita 30 tu kati ya mchoro mmoja na unaofuata. Mtu wa London aliyekaa sebuleni aliweza kwa mara ya kwanza kuona nani yuko mbele bila kuambiwa. Mei 1939, Blue Peter aliposhinda, baadhi ya sinema za London ziliirusha Derby kwenye skrini kubwa kwa watu waliokata tiketi.

Shoo ya studio, kwa upande wake, iliendelea kuwa nzuri, lakini bado ilikuwa shoo ambayo ungeweza kuiona ukumbini, tena kwa rangi. Derby ya 1938 ilikuwa jambo ambalo sinema ingekupa jioni au kesho yake, na redio ingekupa bila picha. Hapa kwa mara ya kwanza vyote viwili vinakuja pamoja, matokeo hayajajulikana. Ukiwauliza watu wa leo kwa nini wanalipia king'amuzi, wengi watakujibu mpira. Jibu hilo lina mizizi Epsom kuliko Alexandra Palace.

Fedha, kwa ufupi

Seti ya 1936 ilikuwa takriban pauni 100, karibu na bei ya gari dogo, na matangazo yalifika London na viunga vyake tu. Wenye viwanja waliogopa watu watabaki nyumbani. Wenye kumbi waliogopa hivyohivyo, na baadhi waliwazuia wasanii wao kwa mikataba. Tofauti ilionekana baada ya vita. Grand National haikuonyeshwa kwenye televisheni hadi 1960, kwa sababu Mirabel Topham, aliyekuwa akiuendesha uwanja wa Aintree zinakokimbiwa mbio hizo, hakuwa mtu wa kusalimu amri kwenye haki zake. Mwaka 1952 alikosana na BBC hata matangazo ya redio ya mwaka huo akayaendesha kwa watu wake mwenyewe. Huyu mama naye alikuwa mwigizaji wa jukwaani kabla ya kuolewa. Watu wa shoo waliona faida mapema zaidi: kituo cha kibiashara cha ITV ya Uingereza kilipoanza Septemba 1955, ndani ya siku chache kilikuwa na shoo ya Jumapili kutoka London Palladium, na Val Parnell aliyeongoza ukumbi huo alikuwa mmoja wa wakuu wa kampuni iliyoirusha.

Sasa chagua

Kwa darasa la watu wanaojifunza uongozaji wa kamera au utangazaji wa michezo, nenda na farasi, na ufundishe kwa hesabu. Wape kalamu, wachore fremu ya 3 kwa 7, waambie wamweke farasi. Dakika kumi za zoezi hilo zinatosha kuwaeleza Baird, Emitron na sababu ya skrini zetu kuwa pana. Ukihitaji picha zinazosonga za mbio kutoka televisheni yenyewe, itakubidi usogee mbele sana, kwa mfano hadi Grand National ya 1967, pale farasi karibu wote walipogongana kwenye kiunzi kimoja na Foinavon, asiyetarajiwa na mtu, akapita katikati yao na kushinda. Ni tukio la kusisimua, ila si la mwanzo tena.

Kwa kikundi cha filamu, au wanafunzi wa muziki na jukwaa, burudani haina mpinzani. Anza na dakika za 1933, uende kwenye filamu ya 1936 ukiwa umeitaja kuwa ni filamu, umalizie na kipande cha 1947 cha Adelaide Hall, mwimbaji mweusi wa Marekani aliyehamia London, akiimba kwenye onyesho la BBC, mojawapo ya matangazo ya zamani zaidi ya kituo hicho yaliyohifadhiwa. Ukipata nafasi, chomeka dakika nne zisizo na sauti zilizonaswa New York mwaka 1938, mawimbi ya Alexandra Palace yalipovuka Atlantiki kwa bahati ya hali ya anga na wahandisi wa RCA, kampuni ya redio ya Marekani, wakazipiga filamu kutoka kwenye skrini. Humo mna watangazaji na kipande cha mchezo wa kuigiza, farasi hamna.

Angalizo moja la ufundi kwa watakaochagua 1933: usiijaze skrini nzima ya projekta. Picha ya mistari 30 ikikuzwa huwa ni mabaka yanayocheza, na watu wataanza kuzungumza. Ipunguze iwe ya upana wa kiganja, au warudishe watazamaji hadi ukuta wa nyuma, uzime taa, kisha uicheze mara mbili bila kusema neno.